Nyumba ya Udongo Lamu: Wepesi Wake na Gharama Yake

Katika kisiwa cha Lamu kuna safari mbili zinazopishana. Familia ya Langoni au Matondoni, iliyoishi katika nyumba ya kiambaza, yaani ya miti na udongo, tangu enzi za mababu, hujinyima miaka mingi ili ipate mawe, saruji na mabati, ibomoe ule udongo na isimamishe nyumba inayoitwa ya kudumu. Wakati huohuo mgeni kutoka Nairobi au Ulaya, aliyechoshwa na zege na msongamano wa jiji, hununua kiwanja Shela au Kipungani, akamtafuta msanifu majengo, na jambo la kwanza analoomba ni ukuta wa udongo na paa la makuti. Kila mmoja humshangaa mwenzake. Kwa maoni yangu wote wawili wana hoja, na wote wawili wanakosea hesabu mahali fulani, kwa sababu katika mjadala huu mambo matatu huchanganywa kana kwamba ni jambo moja: udongo kama kitu cha kujengea, hali ya hewa ya pwani, na aina ya maisha ambayo mtu anataka kuyaishi.

Tuanze na dhana kwamba Mswahili wa mjini alikuwa mjenzi wa mawe tangu asili, na udongo ni wa shamba. Timu ya mwanaakiolojia Mark Horton ilipofukua mji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ilikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali palepale. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti, na ya mawe ilikuja baadaye. Kule Gede, kusini mwa Malindi, ambako James Kirkman alianza uchimbaji mwaka 1948 na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, tunachokiona leo msituni ni kasri, misikiti na nyumba za matajiri. Wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti zilizozunguka majengo hayo, nazo zimerudi ardhini. Magofu huhifadhi kumbukumbu za wenye uwezo tu, na anayesoma historia ya ujenzi kwa kutazama magofu peke yake huishia kuwahesabu wachache.

Jiwe, hata hivyo, lilikuwa na maana kubwa kuliko uimara wake. Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, ulikuwa mtaa wa waungwana na majumba yao ya ghorofa yenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na milango ya nakshi. Langoni, upande wa kusini, ulikuwa wa udongo na makuti, wa wageni, wavuvi, na watu waliotoka utumwani. Habib Swaleh, mwanazuoni wa ukoo wa Jamalullayl aliyetoka Ngazija, alianza kusomesha upande huohuo wa Langoni, na Msikiti wa Riyadha uliotokana na kazi yake bado unavuta maelfu ya watu kila mwaka wakati wa Maulidi. Ninataja haya kwa sababu familia inayobomoa kiambaza leo haifanyi hesabu ya joto na hewa ukaa. Inajitoa katika daraja ambalo udongo uliwahi kuliwakilisha, na mtaalamu yeyote anayekuja kuisifia nyumba ya udongo bila kulielewa hilo atasikilizwa kwa adabu, atakaribishwa kahawa, kisha ushauri wake utaachwa palepale barazani.

Sasa tuingie kwenye udongo wenyewe, maana si aina moja ya ujenzi. Ya kwanza ndiyo kiambaza chetu. Nguzo za mikoko husimikwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba upande wa ndani na wa nje, nafasi ya katikati hujazwa vipande vya mawe ya matumbawe pamoja na tope lililokandwa vizuri, kisha ukuta mzima hukandikwa. Katika nyumba hii mzigo wa paa hubebwa na nguzo, na udongo ni wa kujaza na kufunika tu. Ndiyo maana ukuta unaweza kumomonyoka upande mmoja na paa likabaki limesimama. Aina ya pili ni ukuta wa tofali bichi, au wa tope zito lililochanganywa na majani makavu, ambao hubeba mzigo wenyewe na kwa hiyo lazima uwe mnene, mara nyingi sentimita 40 au zaidi. Mfano wake mkuu uko Shibam, Hadhramaut, nchini Yemeni, mji wa maghorofa ya tofali bichi ambao majengo yake mengi asili yake ni karne ya 16, katika nchi walikotoka mababu wa koo nyingi za Lamu. Aina ya tatu ni tofali la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo Raúl Ramírez aliivumbua nchini Kolombia katika miaka ya 1950. Udongo wenye unyevu kidogo huchanganywa na saruji ya kiasi cha asilimia 5 hadi 8, ukashindiliwa, kisha tofali huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa pasipo kuchomwa kwenye tanuri.

Tofauti hizi hazihusu mafundi peke yao. Mara nyingi msifu wa nyumba ya udongo huchukua ubaridi wa ukuta mnene wa Shibam, akauongeza kwenye bei nafuu ya kiambaza, akamalizia na uimara wa tofali la mashine, halafu akazisimulia sifa zote tatu kana kwamba ni za nyumba moja. Kiambaza ni nafuu, lakini ukuta wake ni mwembamba. Ukuta mnene unahitaji udongo mwingi mzuri, ambao kisiwa cha mchanga hakina. Tofali la mashine linahitaji mashine, saruji, na fundi anayejua kupima unyevu.

Kupima udongo ni kazi rahisi ambayo watu wengi huiruka, na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kuharibika kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Chukua chupa ya kioo yenye pande zilizonyooka, ijaze udongo hadi theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia chumvi kidogo, funga, utikise kwa nguvu, kisha uiweke mahali pasipotikisika. Mchanga hutua chini kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe laini za kati hufuata katika saa chache. Udongo wa mfinyanzi hubaki ukiyafanya maji kuwa na ukungu na huweza kuchukua siku nzima kutulia. Ukisha kutulia, tabaka huonekana wazi na unaweza kuzipima kwa rula. Kwa ukuta wa kukandika au tofali bichi, mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 30 hufaa. Ukipungua, ukuta hauna kinachoushika na huporomoka unapoguswa; ukizidi, hujikunja unapokauka na kupasuka, kwa sababu mfinyanzi hufura unaponyonya maji na kusinyaa unapoyapoteza. Tiba ya nyufa hizo ni mchanga zaidi, au nyuzi za kushika kama majani makavu na makumbi yaliyopondwa, au samadi ya ng'ombe, na mafundi wa pwani wamezitumia zote bila kumsubiri mtu wa maabara.

Kwa mkazi wa kisiwani tatizo kubwa zaidi ni chumvi. Mchanga wa ufuoni na maji ya visima vilivyo karibu na bahari huingiza chumvi katika tope, na chumvi hiyo hufuata unyevu hadi kwenye uso wa ukuta, ikaganda huko na kuubandua kwa vipande vidogo vidogo mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo tope la Lamu likandwe kwa maji matamu, ambayo ni haba. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayotumiwa na mji, na hiyo ni sababu tosha ya kutovichezea kwa ajili ya ujenzi. Udongo mwekundu mzuri unapatikana bara, na ukiuleta kisiwani unapanda chombo kisha mgongo wa punda, sawasawa na saruji. Malindi wana nafuu zaidi, maana nyuma ya mji, kuelekea Magarini, ardhi nyekundu ni tele. Hata hivyo, yeyote anayedhani kwamba wingi wa udongo unatosha na aende Marafa, ambako mvua imechonga bonde lenye nguzo zilizochongoka na kuta za rangi nyekundu, waridi na nyeupe katika ardhi isiyo na cha kuishika. Watalii huliona ni pambo, ilhali mjenzi anaona pale kitakachoupata ukuta wake ukiachwa wazi.

Maji ndiyo adui mkuu, na huja kwa njia mbili. Kutoka chini, unyevu hupanda ukutani na matone ya mvua huruka kutoka ardhini na kuula mguu wa ukuta, ndiyo maana msingi wa mawe na chokaa unaoinuka angalau futi moja juu ya ardhi si anasa. Kutoka juu na ubavuni, mvua hupiga ukuta wenyewe. Masika yetu huanza Aprili, wakati uleule kusi, upepo wa kusini, inapoingia, na mvua haidondoki wima bali hupigwa na upepo huo; tazama nyumba yoyote kuukuu ya kiambaza baada ya Juni na utaona ukuta wa upande huo umetoa fito nje, na wa kaskazini bado una alama za vidole vya aliyeukandika. Upenu mrefu unaotokeza mita moja unazuia sehemu kubwa ya madhara hayo. Na baraza, ambalo wengi hulihesabu kuwa ni mahali pa mazungumzo na bao tu, likijengwa kwa mawe mbele ya nyumba hufunika vizuri mguu wa ukuta, mahali hasa ambapo matone huruka na miguu ya watoto na mbuzi hugonga.

Kuhusu joto, sifa nyingi za nyumba ya udongo zimeletwa kutoka nchi nyingine bila kuulizwa kama zinafaa hapa. Ukuta mnene hufanya kazi kwa kuchelewesha joto: hunyonya jua la mchana polepole na kulitoa usiku. Katika nchi kavu, ambako tofauti ya mchana na usiku huweza kupita nyuzi 15 za Selsiasi, jambo hilo ni neema, kwa sababu usiku wa baridi huupooza ukuta ukawa tayari kwa jua la kesho. Lamu tofauti hiyo ni takriban nyuzi 5 hadi 7 tu. Ukuta haupati nafasi ya kupoa vya kutosha, na chumba chenye madirisha madogo kitakuwa na joto la kukera saa nne za usiku, wakati nje upepo ni mwanana. Kinachompoza mtu wa pwani ni hewa inayopita mwilini, kivuli, na paa lisilopitisha joto. Waliojenga majumba ya Mkomani walilijua hilo. Waliacha uwanja wa ndani wazi kwa ajili ya hewa na mwanga, na vyumba vyao vilikuwa vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa hapo ndipo urefu wa boriti za mikoko ulipoishia. Kiambaza chembamba chenye nafasi kati ya ukuta na paa kinapitisha hewa kuliko jumba la saruji lenye mabati yaliyogusa dari, na hilo ndilo hasa linalowafanya wazee wengi walale vibaya katika nyumba mpya walizojengewa na watoto wao.

Kwa sababu hiyo, ningemshauri mjenzi atumie fedha zake kwenye paa kabla ya ukuta. Makuti yaliyoshonwa kwa karibu na kuezekwa kwa mteremko mkali, karibu nyuzi 45, humwaga maji upesi na hayahamishi joto ndani, lakini hudumu miaka mitano hadi saba tu, na mteremko ukilegezwa huoza mapema. Moto nao hauna huruma, na mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari la zimamoto, umeunguliwa zaidi ya mara moja. Mabati hayashiki moto na hukusanya maji safi ya mvua, faida ambayo kisiwani haifai kudharauliwa. Kasoro yake ni joto. Diébédo Francis Kéré, msanifu wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2022, alionyesha njia ya kati katika shule ya msingi ya Gando iliyokamilika mwaka 2001: dari ya matofali ya udongo chini, na mabati yaliyoinuliwa juu yake kwa vyuma vyembamba, ili hewa moto itoke katikati kabla haijashuka. Hakuna kinachozuia fundi wa Malindi kulifanya hilo kwa mbao na mabati ya kawaida.

Hapa inafaa tuliangalie neno asilia kwa jicho la wasiwasi kidogo. Chokaa inayopamba kuta zetu hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, na joto la kuigeuza hukaribia nyuzi 900. Huenda chokaa ikairudisha sehemu ya hewa ukaa inapokauka ukutani, lakini magogo yaliyoungua hayarudi. Nguzo, boriti, mapau na fito hutoka katika mikoko, na kaunti ya Lamu inashikilia zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwagusa hata wakataji wa Lamu waliokuwa na vibali. Kiambaza cha familia moja hakimalizi msitu. Hoteli kumi zenye kumbi kubwa za makuti zinazobadilishwa boriti kila baada ya miaka michache ni habari nyingine, hata kama vipeperushi vyao vina picha za majani mabichi.

Saruji nayo ina dhambi zake, na ni kubwa. Klinka yake, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji, huchomwa kwa takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka si ya kuni wala makaa bali ni ya jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika. Kwa jumla saruji huchangia kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Pwani ina tatizo la ziada: zege iliyochanganywa kwa mchanga wa baharini huzishikisha nondo kutu, kutu hufura, na zege hupasuka. Nyumba nyingi zinazoitwa za kudumu zimeanza kudondosha vipande vya dari kabla mwenyewe hajamaliza kulipa deni la duka la vifaa. Mawe yanayochongwa Maweni, kisiwani Manda, yakijengwa kwa chokaa au kwa saruji kidogo, yanabaki kuwa chaguo la busara kwa msingi na nguzo za pembeni, na udongo ukatumika palipo pakavu.

Linabaki suala la maisha mepesi, ambalo ndilo linalomvuta yule mgeni. Nyumba ya kiambaza inagharimu kidogo siku ya kwanza, lakini gharama haifutiki. Inagawanywa katika miaka na kugeuzwa kuwa kazi. Baada ya kila masika kuna ukuta wa kukandika upya. Kila baada ya miaka michache kuna makuti ya kushona na kuezeka. Sakafu ya udongo isipopigiliwa na kupakwa mara kwa mara huwa makao ya tekenya, nyufa za ukuta hukaribisha papasi wanaoleta homa, mchwa hupanda kwenye nguzo, na ile nafasi chini ya paa inayopitisha hewa hupitisha mbu pia isipowekwa wavu. Zamani kazi hii ilibebwa na ujima: majirani hukanda tope pamoja, mwenye nyumba hupika, na zamu ikazunguka. Djenné, nchini Mali, mji mzima bado hukusanyika kila mwaka kuupaka tope msikiti wao mkuu uliojengwa upya mwaka 1907, na bila mkusanyiko huo msikiti usingekuwepo. Palipobaki udongo na ujima ukaondoka, kazi yote humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke mwenye ndoo na mtoto mgongoni. Binti yake akisema anataka tofali la saruji, mimi simlaumu.

Mgeni yeye hulipa vibarua, na hilo halina ubaya wowote. Linawapa mafundi kazi na linahifadhi ujuzi. Ila asihesabu kuwa anaishi maisha ya bei nafuu. Asitegemee pia benki, kwa kuwa mkopo wa nyumba hautolewi kwa urahisi kwa jengo linaloitwa la muda, na kanuni za majengo za mwaka 1968, zilizoandikwa kwa mtazamo wa Kiingereza, kwa miongo mingi hazikuupa udongo nafasi mijini. Ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, kuna masharti mengine ya uhifadhi, na ni vyema ayaulize kabla ya kununua chochote.

Kwa aliyekwisha kuamua, kalenda ndiyo mwalimu. Nguzo zisimikwe na paa liezekwe kwanza, ili udongo ukauke kivulini na usiungue kwa jua. Kukandika kuanze kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishika, Disemba au Januari, na tabaka la kwanza liachwe lipasuke litakavyo hadi likauke kabisa, kwa sababu nyufa zake ndizo zitakazolishika tabaka la pili. La pili liwe jembamba na lenye mchanga zaidi. Chokaa ya mwisho ipakwe juu ya ukuta mkavu ulionyunyiziwa maji kidogo, na iwe imemalizika kabla ya katikati ya Machi. Ukichelewa kuliko hapo, uache ukuta na udongo wake, ufunike upande wa kusini kwa makuti makuukuu, na uirudie kazi ya chokaa Septemba mvua zikiisha.